Kuinuka kwa Mama Uvungu

Watu wengi hujuana kwa sura. Mama Uvungu aliwajua watu kwa viatu. Kazi yake ilikuwa kulala chali chini ya magari, na mteja akija gereji kulalamika, kinachofika kwanza uvunguni ni viatu, sauti inafuata. Basi utamsikia huko chini anasema, "Huyu wa raba nyeupe mwambieni gari lake tayari, na mwambieni aache kupiga kona kwa fujo, matairi yanamlilia." Siku moja alikutana na mteja wake wa siku nyingi kwenye foleni ya mkate. Akaviona viatu, akaviamkia kwa furaha, ndipo akapandisha macho akauona uso. Akaona haya kidogo, maana uso ulikuwa wa mtu mpole sana, na yeye miaka yote alidhani mwenye viatu vile ni mkorofi.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipoingia gereji alikuwa msichana mwembamba mwenye maneno machache, na mafundi wa wakati ule, wanaume watupu, walimtuma chini ya lori kwa mzaha. "Huyu atapita hata bila jeki," wakasema, wakaenda zao kunywa chai. Waliporudi wakakuta miguu yake imechomoza vilevile, kimya. Wakaingiwa na hofu. Wakainama kuchungulia, wakamkuta ameikumbatia ekzosi, lile bomba la moshi, kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Ameshaifungua zamani, anachosubiri ni mtu wa kuipokea, kwa kuwa ilikuwa nzito kumshinda. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtuma mahali kwa mzaha, na hakuna aliyemwita tena kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Wapita njia walipenda kumtania kwamba analipwa kwa kulala. Hawajui. Chini ya gari ni dunia nyingine. Juu yako kimekaa chuma kizito kimeegemea vigingi, pembeni kuna bomba ambalo halijapoa, kuna oili inadondoka tone moja moja, na kuna tope kavu la barabara zote ambazo gari hilo limewahi kupita, linakumwagikia usoni kila ukigusa kitu. Kichwa hakina pa kuinukia. Mkono unafanya kazi mahali ambapo jicho halifiki. Mama Uvungu alikuwa na mikono ya pekee. Alikuwa akipapasa bushi ya mpira kwa kidole, anaitikisa kidogo, anasema, "Hii bado," au anasema, "Hii imekufa, ila habari haijaifikia." Mafundi wengine walikuwa wakigonga, wakisikiliza, wakibishana, na mwisho wakimwita yeye aje apapase.

Alikuwa na ubao wake wenye magurudumu madogo, ambao pale gereji waliuita kitanda. Alijisukuma kwa visigino, kitanda kikateleza kikaingia, na kazi ikiisha alijisukuma tena kikatoka. Na hapo ndipo watu walipokuwa wakisimama kumtazama. Kichwa kikishatoka tu nje, kabla kitanda hakijatulia, yeye ameshasimama. Ni mwendo mmoja, kama mtu anayekunjua kitambaa. Tambara liko begani, mkono unalifuata, anajifuta uso, na tayari anaelezea ubovu wa gari. Hata alipokuwa amepata wajukuu aliinuka hivyohivyo. Fundi bodi wa pale, mtu wa mwili na kelele ambaye wote walimwita Nyundo, alikuwa akisema, "Dada mkubwa huyu akifa tutamzika na kitanda chake, na bado atatoka."

Kisha akaugua. Alikanyaga kipande cha bati, kidonda akakidharau, maana mafundi ni watu wa kudharau vidonda, na sumu ikaingia kwenye damu. Alilazwa hospitali akiwa hajui mchana wala usiku. Walimchoma sindano kali, nyingi, na sindano zile ndizo zilizomrudisha. Hilo ni la kushukuru na yeye mwenyewe hakuacha kushukuru. Lakini aliporuhusiwa kwenda nyumbani aliona mambo yamebadilika kidogo. Akitembea, mabango ya dukani yalikuwa yakirukaruka mbele yake, hata asiweze kuyasoma mpaka asimame. Alimweleza mumewe kwa lugha yake.

"Naona barabara kama niko ndani ya gari lenye shokapu zilizokufa."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilijaa vitambaa, chaki na meza moja pana ya kukatia nguo. Wao wawili waliitana Fundi. Mgeni akiingia mle ndani alikuwa akichanganyikiwa, hajui ni nani aliyeitwa.

"Ni unyonge huo, Fundi," mume akasema. "Umelala kitandani muda mrefu. Kula, utakaa sawa."

Akala. Nguvu zikarudi. Akarudi kazini, gereji ikafurahi. Nyundo akampigia debe la rangi kama ngoma. Akaingia chini ya gari la kwanza, akafanya kazi yake vizuri, mikono haikusahau kitu. Akajisukuma, kitanda kikatoka, akainuka kwa ule mwendo wake, mkono ukafuata tambara. Kitu kilichofuata alichokiona ni mabati ya paa, na katikati ya mabati ni uso wa Nyundo.

"Dada mkubwa," Nyundo akasema, "kitanda kiko kule. Huku umelala sakafuni."

Wakacheka, naye akacheka. Njaa, wakasema. Mara ya pili aliangukia karai la oili chafu, akatoka hapo mweusi anang'aa, na waliocheka safari hii walicheka kidogo. Mara ya tatu paji la uso lilipiga pembe ya boneti. Damu ikamwagika, akashonwa, na hakuna aliyecheka kabisa.

Mwenye gereji alikuwa kijana mtu mzima, mtoto wa yule mzee aliyeianzisha. Mama Uvungu ndiye aliyemfundisha kushika spana enzi hizo mkono wake haujaweza kuizunguka. Mbele ya wateja alikuwa bosi, lakini yeye alimwita Mama Uvungu mama, na si kwa adabu tu. Alimwita ofisini, yaani kile kijichumba cha vipuri chenye kaunta na feni.

"Mama, kaa hapa," akasema, akimvutia kiti. "Kuanzia sasa kaa hapa. Uza vipuri. Unavijua vyote kuliko mtu yeyote. Mshahara uleule."

"Na chini nani anaingia?"

"Watu wapo."

"Nani?"

Bosi akakuna shingo. "Mama, ukianguka tena kichwa kikagonga jeki, mimi nitaishi vipi?"

Hilo lilikuwa gumu kujibu, kwa kuwa halikuwa neno la ubaya. Angefukuzwa angegombana, na kugombana alikuweza. Kupendwa mpaka ukawekwa kwenye kiti ni jambo jingine. Aliomba mwezi mmoja. Akasema atatafuta dawa. Asipopona, atakikalia kile kiti bila maneno. Bosi akakubali, lakini kwa sharti: ndani ya mwezi huo asiingie chini ya gari lolote. Kitanda chake wakakisimamisha ukutani.

Basi akaanza kuzunguka kutafuta dawa, na hapa ndipo ajabu yenyewe ilipo. Zahanati walimpima presha amekaa, wakampima amelala, wakampima amesimama. Daktari akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Presha yako ya msichana," akasema. Akaambiwa anywe maji mengi. Jirani akamwambia ni presha ya kushuka, anywe maji ya chumvi, akanywa mpaka midomo ikakauka. Mwingine akasema ni umri. Nyundo akaja nyumbani kumjulia hali, akakaa kwenye kigoda kilichomzidia udogo, akatoa maoni yake.

"Shemeji," akamwambia mume, "hapa nyumbani anaanguka?"

"Hajawahi."

"Sokoni?"

"Hapana. Anayumba kidogo kukiwa na giza, kama mlevi, lakini haanguki."

"Basi ni gereji. Gereji imemkataa."

"Gereji ina akili gani ya kumkataa mtu?" Mama Uvungu akauliza.

"Mimi nasema tu. Mwili una siri zake. Pengine umechoka kazi hiyo na wewe hujaambiwa."

Neno hilo lilimwingia kuliko Nyundo alivyokusudia. Nyumbani anaamka jua limeshaingia dirishani, anakaa, anasimama, haanguki. Zahanati analala, anasimama, haanguki. Gereji tu. Akaanza kujiuliza kama kweli kuna sehemu yake imeogopa, inajifanya kuzimia ili ipewe kiti. Mtu aliyefanya kazi ya heshima maisha yake yote, kujishuku mwenyewe kunamuuma kuliko kushonwa. Alijaribu kufikiri kifundi. Akasema tatizo ni mwendo, nainuka upesi mno. Lakini ile mara ya tatu alikuwa ameinuka polepole, kwa hesabu, kama mzee anayetoka bafuni, na akaanguka vilevile. Kwa hiyo mwendo haukuwa jibu, na jibu jingine hakulijua.

Siku ya kutolewa nyuzi za paji la uso, daktari aliyezitoa alimuuliza maswali machache, akasikia habari za mabango yanayoruka, akamwandikia aende chumba cha mtaalamu wa mazoezi ya viungo, humohumo hospitalini, mwisho wa ukumbi. Walikwenda wote wawili, mume na mke. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na viatu vya kamba vilivyofungwa vizuri. Mama Uvungu alianza kumpenda kuanzia hapo.

Alimwambia asome herufi ukutani. Akazisoma. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakitikisa kulia na kushoto kwa upole, akamwambia asome tena. Herufi zikaruka kama panzi. Akamwambia asimame juu ya godoro jembamba, afumbe macho. Mama Uvungu akaelemea upande, mtaalamu akamdaka.

"Ulichomwa sindano nyingi ulipougua?"

"Nyingi."

"Ziliokoa maisha yako. Ila baadhi ya dawa hizo kali huharibu sehemu ya ndani ya sikio. Si ile ya kusikia peke yake. Ile inayokuambia kichwa chako kimekaaje."

Akamlaza, akamfunga mpira wa kupimia presha mkononi, akamwinua. Mashine ikaonyesha presha njema. Akamlaza tena, akamwinua tena. Njema. Mtaalamu akakunja uso.

"Nilitegemea ishuke kidogo. Unasema unaanguka kazini tu?"

"Kazini tu, mwanangu. Hata mimi najishangaa."

"Hebu nionyeshe. Lala chini kama unavyolala kazini, uinuke kama unavyoinuka."

Mama Uvungu akatazama sakafu, akatazama juu. "Pako wazi sana. Mtu hawezi kuinuka kazini bila gari."

Mtaalamu akatafuta kwa macho kitu cha kuwa gari. Wakachukua benchi. Mume akaliinua upande mmoja na upande mwingine ukaegemea kitanda cha wagonjwa, na Mama Uvungu akatambaa chini yake akalala chali, mpira wa presha ukiwa bado mkononi.

"Fundi, usinitikisie gari," akasema huko chini.

"Gari lenyewe linachoka, fanya haraka."

Akapapasa mbao za benchi kidogo, kwa mazoea tu, kisha akajisukuma kwa visigino. Akatoka. Akainuka kwa mwendo wake mmoja, mkono ukapanda begani kutafuta tambara ambalo halikuwepo. Mashine ikalia. Tarakimu zilikuwa zimeteremka vibaya. Mama Uvungu akaanza kuporomoka, na mumewe akaliachia benchi likaanguka kwa kishindo akamwahi mke.

Walipomkalisha na rangi kumrudi, mtaalamu alikuwa amepiga magoti mbele yake. Hakuwa akitazama mashine.

"Mama, mbona ulifumba macho?"

"Nani?"

"Wewe. Ulipotoka chini ya benchi uliyafumba kabisa, ukainuka umeyafumba."

"Sikufumba."

"Ulifumba, Fundi," mume akasema. "Nimeona kwa macho yangu, na ulikaza kama mtoto anayeogeshwa."

 Akairudisha kichwani safari ya kutoka chini ya gari, tangu ujana wake. Gari linaguswa, vumbi linamwagika, oili inadondoka, na mtu anatoka akiwa amefumba macho, anasimama, anajifuta uso kwanza ndipo anafumbua. Fundi gani anafumbua macho kabla ya kujifuta? Ilikuwa kitu cha kawaida mno hata hakikuwa kitu. Madaktari wote walimuuliza anakula nini, analala vipi, ana watoto wangapi. Hakuna aliyeuliza juu ya macho, na yeye asingekumbuka kusema, kama ambavyo hakuna anayemweleza daktari kwamba anapumua.

Mtaalamu akavuta kigoda, akamweleza taratibu.

"Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyembamba vyenye maji, na kuna vijiwe vidogo mno. Kichwa kikigeuka, maji yanacheza. Kichwa kikiinuka, vijiwe vinavutwa. Habari hiyo inakwenda hapa." Akamgusa kisogoni, chini, pale shingo inapoanzia. "Hapa pana shina la ubongo. Pale ndipo yanapoendeshwa mapigo ya moyo na presha, wewe huombwi hata ruhusa. Sasa mtu akilala, damu imetandaa mwilini. Akisimama, damu inataka kuteremka miguuni. Shina la ubongo likipata habari kutoka sikioni kwamba kichwa kinapanda, linaibana mishipa ya chini mapema, damu isiteremke ikakuachia kichwa kitupu."

"Na sikio lisiposema, hakuna mwingine wa kusema?"

"Wapo. Kwenye mishipa mikubwa, shingoni na kifuani, kuna vipimio vya presha. Lakini hivyo vinasema presha ikiwa imeshaanza kushuka. Sikio linasema wakati kichwa ndiyo kwanza kinanyanyuka."

"Kama taa ya oili kwenye dashibodi," Mama Uvungu akasema. "Ikiwaka, tayari umechelewa kidogo."

"Kidogo. Na yapo macho. Macho yanaona ukuta unashuka, mlango unasimama wima, yanapeleka habari kuwa tunainuka. Nyayo nazo zinasema, misuli inasema. Sikio likinyamaza, kwa watu wengi ubongo unajifunza kuwasikiliza hao wengine, na presha inakaa sawa. Wa kwako umejifunza vizuri, ndiyo maana huanguki nyumbani. Umejifunza kuyategemea macho."

"Na mimi nayafumba."

"Na wewe unayafumba, halafu unainuka kama risasi."

Mama Uvungu akamgeukia mumewe. Mume, aliyemjua, aliona mabega yake yameshuka mahali pake. Kumbe hakuwa mwoga. Hakuna sehemu yake iliyokuwa ikikiwinda kile kiti. Alifuta macho kwa kiganja, kisha akauliza swali la kazi: je, sikio litapona? Mtaalamu hakumdanganya. Alisema pengine halitapona, lakini ubongo unafundishika, na mazoezi ni kazi ya kuchosha ambayo watu wengi huiacha njiani.

Hakumjua aliyekuwa akizungumza naye.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na sura ya maana. Herufi moja imeandikwa kwa chaki ya nguo kwenye ukuta wa chumba cha mbele, na mtu mzima amesimama anaitazama huku anatikisa kichwa kulia na kushoto mpaka kichefuchefu kinamjia. Anapumzika, anatikisa tena. Anasimama juu ya godoro. Anatembea akigeuza shingo. Wateja waliokuja kupima suruali walimkuta hapo, wakamwamkia kwa wasiwasi, wakamuuliza mumewe kwa sauti ya chini kama mama hajambo. "Yuko kazini," mume alikuwa akijibu, pini zikiwa mdomoni.

La macho ndilo lililokuwa zito. Alinunua miwani ya kukinga, ile inayobana kando zote, akalala chini ya meza ya kukatia nguo. Mumewe juu anakata kitambaa. Mama Uvungu anajisukuma kutoka, na mume, bila kuacha mkasi, anasema, "Macho." Yameshafumba. Anarudi chini. Anatoka. "Macho." Yamefumba tena. Mazoea ya miaka mingi hayaambiwi mara moja yakaelewa. Yalikuwa yanafumba yenyewe kabla yeye hajaamua. Ikabidi mume awe anachukua vumbi la vitambaa, zile nyuzi na chaki zilizojaa mezani, anammwagia usoni juu ya miwani ili azoee kuona uchafu unakuja na asifumbe.

"Raha unaipata wewe," mke akasema kutoka chini, uso umejaa nyuzi nyekundu.

"Miaka mingi unanifulisha ovaroli za grisi. Acha nilipize kidogo."

Na alijifunza mpangilio mpya, ambao si ule mwendo mmoja ambao watu walikuwa wakisimama kuutazama. Anatoka, macho wazi. Anakaa. Anatafuta kitu kilichosimama wima, fremu ya mlango au nguzo, anakishika kwa macho. Anazikanyaga nyayo vizuri, anaukaza mwili wa chini. Ndipo anainuka. Mwanzoni ilimtia aibu, akajiona kama bibi. Baadaye akaona kwamba huu nao ni ufundi, una hatua zake na ukiruka mojawapo kazi inaharibika, akaacha kuona aibu. Kila alipoenda hospitali mtaalamu alimpima, na mashine ikaendelea kuwa na adabu.

Mwezi ulipoisha alikwenda gereji, akamwomba bosi gari moja tu. Bosi hakutaka. Alisema dawa ya miwani hajawahi kuisikia. Mama Uvungu akamweleza habari za sikio na shina la ubongo kama alivyoelezwa, bila kuongeza. Bosi akasikiliza, akatazama lile kovu la paji la uso, akasema, "Gari moja. Na mimi nasimama hapa."

Nyundo naye akasimama. Na mume, ambaye alidai amepita tu kupeleka suruali ya mtu, alikaa juu ya tairi na hiyo suruali mapajani asiipeleke popote. Gari lilikuwa pikapu iliyokuwa ikigonga chini kila ikibadilisha gia. Wakakishusha kitanda kutoka ukutani. Mama Uvungu akavaa miwani, akalala, akajisukuma, akaingia.

Kazi ilichukua muda wake. Tope likamwagika. Akasikika anapapasa, anagonga kidogo, ananyamaza. Kisha ikasikika sauti ya kitu kikiachia na oili ikachuruzika, naye akasema neno moja ambalo si la kuandikwa. Kitanda kikateleza, akatoka.

Miwani ilikuwa nyeusi. Oili yote ilikuwa imemmwagikia hapo, vioo havikupitisha hata mwanga. Watu watatu wakashika pumzi. Wakamsubiri ainuke.

Hakuinuka. Alijiinua taratibu akakaa palepale kwenye kitanda, akatulia, mikono juu ya magoti.

Bosi akapiga hatua. "Mama. Ndiyo yaleyale?"

"Hapana. Sioni."

"Tukushike?"

"Nani kakwambia nashikwa? Nimesema sioni."

Akaivua miwani. Akachukua tambara, akajifuta kuzunguka macho bila haraka, akayafumbua. Akapepesa. Akatafuta nguzo ya mlango, akaitazama kama mtu anayesoma. Akakanyaga. Akainuka. Akasimama hapo, mdogo, mchafu, ovaroli imelowa, na hakuyumba.

Bosi alikuwa bado amenyoosha mikono mbele, hajui aipeleke wapi.

"Kama ungeinuka na miwani ile usoni?"

"Ningeanguka," Mama Uvungu akasema, kama mtu anayesema leo kuna joto.

Jibu hilo ndilo lililomtuliza bosi kuliko kama angeapiwa kwamba mgonjwa amepona. Aliyekuwa akimwogopea ni yule wa kuinuka bila kujua, na huyu alijua. Wakaelewana mbele ya watu: umeme ukikatika au mawingu yakitia giza, anatoka na kukaa mpaka mwanga urudi, hata kama mteja anapiga kelele. Mama Uvungu akaongeza sharti lake, kwamba hakuna wa kumdaka mpaka aombe. Nyundo akauliza kama kucheka kunaruhusiwa. Akaambiwa kunaruhusiwa, mradi afanye hivyo huku anafanya kazi.

"Na pikapu?" bosi akauliza.

"Kiungo cha shafti ya propela kimekufa. Sili ya gia boksi nayo inavuja, kama mnavyoniona. Nifungue yote nikiwa huko, au mteja arudi wiki ijayo alie tena?"

"Fungua yote."

Mume akasimama kutoka kwenye tairi, akaikung'uta ile suruali, akasema ana mteja anamsubiri, akaenda zake anapiga mluzi. Mama Uvungu akawa anaipangusa miwani, lakini oili ilikuwa imepaka ukungu ambao haukutoka vizuri. Bosi akamtazama anavyohangaika nayo kwa ncha ya tambara, kisha akatoa pesa mfukoni, akampa Nyundo.

"Nenda duka la vifaa. Lete miwani nyingine kama hiyo."

"Ya nani?"

"Ya kwake. Moja ikichafuka akiwa chini, awe na ya pili karibu na mkono."

"Chukua yenye kioo kipana," Mama Uvungu akasema, akiwa ameshalala, anajisukuma kurudi chini ya gari. "Na usikawie, Nyundo, hii sili hainisubiri."